William Cowper, mshairi aliyeishi na sonona kwa nusu karne, na watu waliokataa kumwacha

Katika mji mdogo wa Olney, jimboni Buckinghamshire nchini Uingereza, ipo nyumba ya matofali mekundu inayoutazama uwanja wa soko. Tangu mwaka 1900 nyumba hiyo imekuwa makumbusho. Kuanzia mwaka 1768 hadi 1786 aliishi humo mshairi William Cowper, ambaye mwishoni mwa karne ya 18 alisomwa na Waingereza pengine kuliko mshairi mwingine yeyote aliyekuwa hai. Jina lake huandikwa hivyo, ila wenyewe hulitamka Kupa.

Huenda msikilizaji hajawahi kulisikia jina hilo, lakini maneno ya mtu huyu yamemfikia. Wimbo wake wa chemchemi ya damu umetafsiriwa kwa Kiswahili na umeimbwa makanisani kwa vizazi kadhaa. Martin Luther King naye alizoea kutumia katika hotuba zake mistari ya shairi lake la kupinga utumwa. Aliyeyaandika hayo aliugua sonona tangu ujana wake hadi alipofariki akiwa na umri wa miaka 68. Mara nne ugonjwa ulimwangusha kabisa, naye akainuka. Mara ya tano hakuinuka. Zaidi ya mara moja alijaribu kujiua.

Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, si huzuni ya kawaida ya mtu aliyefiwa au aliyepoteza mali. Huzuni hiyo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Sonona hukaa. Humwondolea mtu hamu ya mambo aliyoyapenda, huvuruga usingizi, humfanya ajione hana thamani, na humshawishi aamini kwamba hali hiyo haitakwisha kamwe. Waganga wa Ulaya ya zamani waliupa ugonjwa huo jina la Kigiriki lenye maana ya nyongo nyeusi, kwa kudhani kwamba chanzo chake ni kioevu kibaya mwilini. Cowper hakupata dawa yoyote ya kweli, kwa kuwa haikuwapo. Alichopata ni watu, na maisha yake hayawezi kusimuliwa bila ya hao.

Mtoto aliyeambiwa mama atarudi

Cowper alizaliwa Novemba 1731 huko Berkhamsted, kaskazini-magharibi ya London, mtoto wa kasisi. Wazazi wake walipata watoto saba, na ni wawili tu waliokua: yeye na mdogo wake John. Mama yao alifariki mwaka 1737 baada ya kumzaa huyo John. William alikuwa hajatimiza miaka sita. Watumishi wa kike wa nyumbani, kwa kumwonea huruma, walimwambia kwamba mama yake amesafiri na atarudi. Basi akawa anangoja. Siku baada ya siku alingoja, mpaka akaelewa mwenyewe kwamba hakuna anayekuja. Mwaka 1790, zaidi ya miaka hamsini baadaye, binamu yake mmoja alimpelekea picha ya mama huyo, na Cowper akaitungia shairi ambalo wasomaji wengi wa Kiingereza hulihesabu kuwa miongoni mwa yaliyo bora kabisa aliyowahi kuandika.

Baada ya msiba alipelekwa shule ya bweni. Huko mvulana mkubwa, mwenye umri wa miaka kama kumi na mitano, alimchagua yeye kuwa wa kumtesa. Cowper alimwogopa kiasi kwamba hakuthubutu kuinua macho juu ya magoti yake. Alimtambua kwa vifungo vya viatu vyake. Hakumwambia mtu. Mateso hayo yalipogunduliwa, mvulana yule alifukuzwa shule, na Cowper akaondolewa. Shule iliyofuata, Westminster ya London, ilimfaa zaidi: alipata marafiki, akacheza mpira na kriketi, akajifunza Kigiriki na Kilatini vizuri sana.

Akasomea sheria kwa sababu familia yake ilikuwa ya wanasheria, si kwa kuipenda. Muda mwingi aliutumia nyumbani kwa baba yake mdogo, Ashley Cowper, akicheka na binti zake. Mmoja wao, Theodora, alimpenda, naye akampenda. Wakataka kuoana, baba wa binti akakataa, na wakatengana. Hawakuonana tena. Wakati huohuo wa ujana, alipohamia peke yake katika vyumba vya wanasheria London, ndipo sonona ilipomshika kwa mara ya kwanza. Alikaa karibu mwaka mzima akiamka na kulala na uzito uleule. Aliinuka baada ya kwenda kukaa pwani na marafiki, na akadhani yamekwisha.

Kazi ambayo ingekuwa neema

Mwaka 1763 ndugu mmoja mwenye cheo alimpatia kazi: ukarani wa kumbukumbu za Baraza la Malodi bungeni. Ilikuwa kazi ya mshahara mzuri na isiyo na jasho jingi. Lakini wapo waliotaka nafasi hiyo apewe mtu wao, na ikaamuliwa kwamba Cowper ahojiwe mbele ya Baraza lenyewe ili ionekane kama anaiweza. Kwa mtu mwingine jambo hilo lingekuwa udhia wa siku moja. Kwa Cowper ilikuwa hukumu. Kwa miezi alikwenda kila siku katika ofisi ile kusoma vitabu vya kumbukumbu, akigeuza kurasa bila kuelewa kitu. Kadiri siku ya mahojiano ilivyokaribia ndivyo hofu ilivyomzidi, hadi akajaribu kuyakatisha maisha yake. Alinusurika. Kazi ile ikaachwa.

Ni mdogo wake John, wakati huo mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyekuja London na kuhakikisha kaka yake anapata matibabu. Hatua hii inastahili kutazamwa kidogo. Katika hospitali maarufu ya wagonjwa wa akili ya London, Bethlem, watu waliruhusiwa kuingia na kuwatazama wagonjwa kama wanyama katika vizimba, na desturi hiyo ilikuwa bado ikiendelea. John hakumpeleka huko. Alimpeleka St Albans, kwa daktari Nathaniel Cotton, aliyekuwa na nyumba ndogo ya kutunzia wagonjwa na ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa mashairi. Cotton aliwatendea wagonjwa wake kwa upole, akizungumza nao na kuwasikiliza. Cowper alikaa kwake takriban miezi kumi na minane. Huko alipata nafuu, na huko alipata imani ya dini iliyompa furaha kubwa kwa miaka kadhaa. Alipoondoka Juni 1765 aliandamana na mtumishi wa nyumba ile, Sam Roberts, aliyemhudumia siku za giza. Sam akabaki naye kwa miaka mingi.

Hakurudi London tena kuishi. Ndugu zake walichanga fedha za kumtunza, wakati mwingine kwa kunung'unika kwamba anatumia zaidi ya uwezo wake. Alihamia mji wa Huntingdon ili awe karibu na John. Siku moja, baada ya ibada, kijana aitwaye William Unwin alimfuata mgeni huyu aliyekuwa akitembea peke yake chini ya miti, akamsalimu. Salamu hiyo ndogo ilibadili kila kitu. Kijana alimpeleka nyumbani kwao, na kabla mwaka haujaisha Cowper alikuwa mpangaji katika nyumba ya wazazi wake, Kasisi Morley Unwin na mkewe Mary. Mwaka 1767 Kasisi Unwin alianguka kutoka juu ya farasi akafa. Cowper na Mary, aliyemzidi umri kwa miaka michache, waliendelea kuishi nyumba moja, wakahamia Olney. Watu walisema maneno, kama watu wasemavyo popote. Wao waliishi hivyo hadi kifo kilipowatenganisha.

Tabasamu la kwanza

Kilichowavuta Olney ni kasisi wa mji ule, John Newton. Huyu naye ana historia ya ajabu: alikuwa nahodha wa meli za watumwa kati ya Afrika Magharibi na Amerika, kisha akaiacha kazi hiyo, akawa mchungaji na mtunzi wa nyimbo za dini. Yeye na Cowper walitunga pamoja kitabu cha nyimbo kilichochapishwa mwaka 1779. Zaidi ya nyimbo sitini kati ya hizo 348 ni za Cowper.

Lakini kitabu kilipotoka, Cowper alikuwa hatungi tena nyimbo za dini. Mdogo wake John alikuwa amefariki mwaka 1770. Yeye na Mary walikuwa wamekubaliana kuoana, na kabla hawajafanya hivyo, Januari 1773, ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Mwezi uliofuata aliota ndoto iliyomwaminisha kwamba Mungu amemkataa yeye peke yake kati ya viumbe vyote, na kwamba hukumu hiyo haina rufaa. Mwaka huohuo alijaribu tena kujiua. Habari za ndoa zikaachwa. Tangu hapo hadi mwisho wa maisha yake hakuingia kanisani, wala hakuomba. Aliona kwamba aliyekwisha kukataliwa hana haki ya kubisha hodi.

Katika miezi hiyo aliamini kwamba kila mtu anamchukia, na kwamba anayemchukia kuliko wote ni Mary Unwin. Hata hivyo hakukubali mtu mwingine yeyote amhudumie isipokuwa yeye. Mary alimlinda mchana na usiku, akimlisha, akimkalia macho, huku akijua anavyofikiriwa. Hakuna maandishi yake yanayolalamika. Wapo wanaomsahau Mary wanapozungumzia fasihi ya Kiingereza, na si haki.

Aprili 1773 Cowper aliingia nyumbani kwa Newton kwa usiku mmoja, akakataa kuondoka. Akakaa humo zaidi ya mwaka, pamoja na Mary. Newton alikuwa na mke, kazi, na nyumba isiyo kubwa. Kuna nyakati alichoka, na hakuficha katika barua zake. Lakini hakumtoa. Wasomi wengi wamemlaumu Newton kwamba mafundisho yake makali ya dini ndiyo yaliyomharibu Cowper. Lawama hiyo haina uzito mkubwa, kwa kuwa Cowper aliugua mara mbili kabla hawajajuana. La kumkumbukia Newton ni mlango wake uliobaki wazi miezi yote hiyo.

Siku moja mwezi Mei 1774, Cowper alipokuwa akiwalisha kuku nje, jambo dogo lilitokea likamchekesha, naye akatabasamu. Newton aliona, akaandika kwa furaha katika barua: lilikuwa tabasamu la kwanza kuonekana usoni mwa rafiki yake kwa zaidi ya miezi kumi na sita. Siku chache baadaye Cowper alikubali kurudi nyumbani kwake.

Siku hizi mtu mwenye hali kama ile ana njia ambazo Cowper hakuwa nazo. Yapo mazungumzo ya tiba na washauri waliofundishwa, zipo dawa, na wengi hupata nafuu kubwa. Madaktari husisitiza kwamba mtu anayetaja au anayewaza kujiua asiachwe peke yake, wala asikemewe. Akae na mtu anayemwamini na afikishwe kituo cha afya upesi. Hilo la kutomwacha peke yake, Mary na Newton walilitambua bila kufundishwa na mtu.

Sungura watatu na matango

Aliporudi nyumbani Cowper alikuwa hawezi kusoma wala kukaa na wageni. Alihitaji kitu cha kushughulisha mikono. Watoto wa jirani walikuwa wamepewa sungura mdogo, wakamchoka, na yeye akaomba apewe. Habari ikaenea mjini, na kila mtu akamletea sungura, hata wangejaza nyumba. Akachagua watatu: Puss, Tiney na Bess. Majina yalikuwa ya kike, ingawa wote walikuwa madume. Sungura wa hadithi zetu ni mjanja anayeshinda fisi na simba. Hawa walikuwa sungura wa kweli, na kila mmoja alikuwa na tabia yake. Bess alikuwa shujaa, akafa mapema. Tiney alibaki mkali na mwenye kununa maisha yake yote, na mwenye nyumba akampenda vivyo hivyo. Puss aliugua, Cowper akamuuguza, na mnyama yule alipopata nafuu akamlamba mkono wote, kidole kwa kidole, pasipo kuacha mahali. Puss aliishi karibu miaka kumi na miwili. Mwaka 1784 Cowper aliandika makala juu yao katika jarida maarufu la London, na makala hayo husomwa hadi leo.

Kwa ajili ya sungura alijifunza useremala akawatengenezea nyumba zao. Kisha viti, meza, makabati. Akachora picha. Akalima bustani, akawa hodari wa kuotesha matango na matikiti katika baridi ya Uingereza, akajenga kibanda cha vioo kwa ajili ya mimea. Yote haya yalikuwa mambo madogo, na Cowper mwenyewe alijua ni madogo. Yalikuwa na faida moja kubwa: yalimtaka kila asubuhi. Mwezi wa Januari, ambao aliuogopa kuliko miezi yote kwa sababu ndio uliomwangusha, ulipitika kwa urahisi zaidi kama kulikuwa na mche wa kulindwa usigande.

Newton alihamia London mwaka 1780. Majira ya baridi yaliyofuata Mary aliona dalili za hatari, akamshauri Cowper atunge mashairi marefu, na hata mada ya kuanzia akampa. Ndivyo alivyopata kitabu chake cha kwanza cha mashairi, kilichochapishwa mwaka 1782 akiwa na umri wa miaka hamsini. Akaja rafiki mpya, mjane mchangamfu, Lady Austen. Jioni moja alimwona Cowper amezama katika mawazo, akamsimulia kisa cha mfanyabiashara wa vitambaa aliyechukuliwa na farasi mwenye kichaa, akapitilizwa mahali alikokuwa akienda kula chakula na mkewe, kisha akarudishwa kwa kasi ileile bila kuweza kushuka. Cowper alicheka usiku kucha kitandani. Asubuhi akaanza kukifanya shairi. Shairi hilo la John Gilpin liliwachekesha watu nchi nzima. Mwigizaji mmoja alipolisoma jukwaani London mwaka 1785 watu walijaa kumsikiliza. Aliyelitunga alikuwa akiamini, siku hizohizo, kwamba ametupwa na Mungu. Kicheko na ugonjwa vilikaa katika mtu mmoja, na anayedhani kwamba mwenye kucheka hawezi kuwa mgonjwa angefaa kulikumbuka hilo.

Lady Austen huyohuyo alimwambia aandike shairi lisilo na kina, na Cowper alipouliza aandike juu ya nini, mama yule alimjibu kwa mzaha kwamba aandike juu ya kiti kirefu alichokalia. Akaanza na kiti, akaendelea na bustani, moto wa jioni, theluji, wanyama, mashamba, na dhuluma ya utumwa, mpaka vikapatikana vitabu sita. Shairi hilo, liitwalo The Task, lilitoka mwaka 1785 na kumfanya kuwa mshairi mashuhuri wa nchi yake.

Na tusidhani kwamba alikuwa mtu wa kupokea tu. Olney ulikuwa mji wa wanawake wafuma lesi, maskini sana, waliofanya kazi kutwa kwa malipo yasiyotosha mkate na kuni. Tajiri mmoja wa benki alipotuma fedha kwa siri kwa ajili ya maskini wa mji, Cowper na Mary ndio waliozigawa, nyumba kwa nyumba, wakijua nani hana blanketi na nani hana viatu. Alitunza siri ya mtoaji kama alivyoombwa.

Wengine warudi

Umaarufu ulimrudishia ndugu aliowapoteza. Lady Hesketh, dada yake Theodora, ambaye hawakuandikiana kwa miaka mingi, alisoma mashairi yake akamwandikia barua mwaka 1785. Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe, akaiona nyumba ya Olney ilivyo baridi na yenye unyevu, akamsaidia kuhamia kijiji cha jirani cha Weston Underwood, katika nyumba ya familia ya Throckmorton. Hao walikuwa Wakatoliki katika nchi iliyowabagua Wakatoliki, na Cowper alikuwa Mprotestanti. Urafiki wao haukujali.

Furaha ya nyumba mpya haikudumu. Mwezi uleule wa kuhama, Novemba 1786, William Unwin, yule kijana aliyemsalimu chini ya miti, alifariki ghafla. Januari ilipofika Cowper alianguka kwa mara ya nne, na kwa miezi sita hakuwa na fahamu ya jambo jingine. Mary alikuwapo tena. Katikati ya mwaka 1787 ugonjwa ulimwachia ghafla kama ulivyokuja.

Mwaka 1788, Newton alipochapisha ushuhuda wake juu ya biashara ya watumwa aliyoifanya ujanani, wapinzani wa biashara hiyo walimwomba Cowper atunge mashairi ya kuimbwa mitaani. Akatunga kadhaa. Moja, lililoandikwa kwa sauti ya Mwafrika aliyetekwa na kuvushwa bahari, lilichapishwa kwa maelfu na kusambazwa nchi nzima. Ndilo hilo Martin Luther King alilolipenda. Alipoombwa aendelee, Cowper alikataa: kukaa muda mrefu na habari za ukatili ule kulikuwa kunamwumiza kuliko alivyoweza kustahimili. Aliujua mpaka wake, akausema. Kwa mgonjwa wa aina yake hilo si dogo.

Alimaliza pia kutafsiri kwa Kiingereza tenzi za Homer, Iliadi na Odisei, kazi ya miaka zaidi ya mitano iliyochapishwa mwaka 1791. Kila asubuhi idadi fulani ya mistari. Kazi hiyo ilimshika kama fimbo inavyomshika mzee.

Mary aanguka

Desemba 1791 Mary Unwin alipata kiharusi, na Mei iliyofuata akapata kingine. Sasa aliyetunzwa kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano akawa mtunzaji. Cowper aliacha kuandika ili amshike mkono akitembea, amsomee, akae naye. Alimtungia shairi la kumshukuru, ambalo ni vigumu kulisoma bila kusikia donge kooni.

Marafiki hawakukosekana. Mwandishi William Hayley aliwachukua wote wawili hadi nyumbani kwake Sussex, safari ambayo Cowper hakuwahi kufanya mfano wake kwa miongo kadhaa, kisha akahangaika kwa wakubwa mpaka mfalme akamkubalia Cowper pensheni ya pauni 300 kwa mwaka. Lady Hesketh alikuja Weston mwishoni mwa 1793 akabaki kuwauguza wote wawili, hadi afya yake mwenyewe ikaharibika.

Palikuwa na msaada mwingine usiokuwa msaada. Mwalimu mmoja maskini wa Olney, Samuel Teedon, alidai kwamba hupokea majibu kutoka mbinguni juu ya Cowper. Cowper akawa anampelekea ndoto zake na sauti alizozisikia, na kumlipa, na Teedon akamletea tafsiri na ahadi. Ahadi zilipokosa kutimia, mgonjwa alizidi kuamini kwamba amelaaniwa. Pengine Teedon hakuwa mwovu. Lakini alimuuzia mtu aliyezama matumaini ambayo hakuwa nayo mkononi, na biashara ya namna hiyo haijafungwa mpaka leo.

Mwanzoni mwa 1794 Cowper alianguka mara ya tano. Pensheni ilipokubaliwa mwaka huo hakuwa katika hali ya kuifurahia. Julai 1795 binamu yake kijana, John Johnson, kasisi wa Norfolk, aliwachukua yeye na Mary akawapeleka kwake, karibu na bahari. Mary alifariki Desemba 1796. Cowper aliletwa kuuona mwili, akalia mara moja kwa kelele, kisha hakulitaja jina lake tena.

Johnson hakukata tamaa. Alimsomea riwaya kwa sauti jioni baada ya jioni. Cowper alipolalamika kwamba sauti mbaya humsemesha usiku, Johnson alitoboa ukuta kwa siri akapitisha bomba la bati, ili maneno ya faraja yamfikie akiwa kitandani kana kwamba yametoka penginepo. Haikufaa kitu, ila ni nani atakayemcheka? Jambo jingine lilifaa: aliacha vitabu vya Homer vikiwa wazi katika chumba ambacho Cowper hupita, bila kusema neno. Siku moja mgonjwa alisimama, akatazama, akakaa chini, akaanza kusahihisha tafsiri yake. Kazi hiyo ilimweka hadi mwaka 1799.

Mwaka huo alitunga shairi lake la mwisho la Kiingereza, juu ya baharia aliyeanguka kutoka melini wakati wa dhoruba, huku wenzake wakimtazama wasiweze kumfikia. Alifariki Aprili 25, 1800, mjini East Dereham, Johnson akiwa pamoja naye, akazikwa katika kanisa ambamo Mary alikuwa amezikwa.

Imebaki habari moja. Tangu mwaka 1786 Cowper alikuwa akipokea zawadi kutoka kwa mtu asiyejitaja: vitu vya matumizi ya nyumbani, na pauni 50 kila mwaka. Lady Hesketh ndiye aliyezipitisha, na hakusema zimetoka kwa nani. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba zilitoka kwa Theodora. Hakuolewa kamwe. Mashairi aliyotungiwa na Cowper ujanani aliyafunga katika bahasha, akaitia muhuri, akampa mtu wa kuaminika aitunze. Alifariki mwaka 1824, na mwaka uliofuata bahasha ikafunguliwa na mashairi yakachapishwa.